Ibrahimu Alipanda Mti Ugenini

Somo: Mwanzo 21:22-34



Tunawasalimu nyote mnaosoma jarida hili: ninyi mliofika jana mkiwa bado na vumbi la njiani, na ninyi ambao watoto wenu wamezaliwa hapa Uganda na hawajui nyumbani ila kwa masimulizi. 

Mwaka jana, mwisho wa ibada ya Jumapili, sisi wazee wa kanisa tulitoa tangazo dogo. Tulisema kwamba kanisa litasia mbegu za mkaratusi, na kila familia itapata miche. Tulidhani watu watapiga makofi. Badala yake baba mmoja mzee alisimama, akashika kofia yake mikononi, akasema: "Watumishi wa Mungu, naomba kuuliza. Anayepanda maharage anasema, nitakaa hapa miezi mitatu. Anayepanda mti anasema nini? Mimi siku nilipofika niliweka mzigo wangu karibu na mlango, ili siku ya kurudi nisihangaike kuutafuta. Sasa ninyi mnataka niufungue?"

Kanisa lilinyamaza. Hatukuwa na jibu siku ile. Tuliomba, tukaagana, na kila mmoja wetu alirudi nyumbani na swali lile. Maana mzee aliuliza lililo moyoni mwa wengi. Kupanda mti hapa, je, ni kusahau kwetu? Je, ni kumwambia Mungu kwamba tumekata tamaa ya kurudi? Leo tunapenda kulijibu swali hilo kwa Neno la Mungu, na kwa yale ambayo mbegu zenyewe zimetufundisha.

KISIMA KWANZA, MTI BAADAYE

Fungueni Mwanzo sura ya 21. Ibrahimu alikuwa mgeni katika nchi ya Wafilisti. Hakuwa na hata kiwanja. Abimeleki mfalme akaja na Fikoli, mkuu wa jeshi lake, wakamwomba aape kwamba atawatendea wema wenyeji na nchi aliyokaa kama mgeni. Ibrahimu akakubali kuapa. Lakini hakuficha lililomuuma. Alimweleza Abimeleki kwamba watumishi wake wamemnyang'anya kisima cha maji.

Angalieni jibu la Abimeleki katika mstari wa 26. Alisema kwamba hakumjua aliyefanya jambo hilo, wala Ibrahimu hakuwa amemwambia, na kwamba ndiyo kwanza anasikia siku hiyo. Basi wakafanya agano. Ibrahimu akatoa kondoo na ng'ombe, akatenga wana-kondoo wa kike saba wawe ushahidi kwamba yeye ndiye aliyekichimba kisima kile. Mahali pale pakaitwa Beer-sheba.

Ndipo, katika mstari wa 33, Ibrahimu akapanda mti. Akaliitia hapo jina la Bwana, Mungu wa milele. Na mstari wa 34 unatuambia kwamba alikaa siku nyingi katika nchi ya Wafilisti akiwa mgeni.

Wapendwa, Ibrahimu alikuwa na ahadi ya nchi. Mungu mwenyewe alikuwa amemwahidi. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuweka mzigo karibu na mlango na kusubiri tu, ni yeye. Lakini alichimba kisima, akapatana na wenyeji, akapanda mti, akaabudu. Mti wake haukufuta ahadi. Alipanda akiwa bado anangoja.

MTI HUU NAO NI MGENI

Wengi wetu tunaujua mti huu tangu utotoni. Waliotoka Butembo na Lubero walikulia katikati ya mashamba yake. Wengine tunauita kalitusi, wengine inturusu, na majirani zetu wenyeji wanasema kalitunsi. Kwa kuwa tumeukuta kila mahali, tunadhani ni mti wa kwetu. Siyo. Kwao mkaratusi ni Australia, ng'ambo ya bahari. Aina ambayo sisi tumeisia inaitwa Eucalyptus grandis, na asili yake ni misitu ya pwani ya mashariki ya nchi hiyo, katika majimbo ya New South Wales na Queensland. Kule kwao hufikia mita 50 na hata zaidi, shina limenyooka, laini, la rangi nyeupe.

Huku Afrika uliletwa na watu waliokuwa na shida ya kuni. Mfalme Menelik wa 2 alipoujenga mji wa Addis Ababa, miti ya jirani ilikwisha kukatwa, na katika miaka ya 1890 mkaratusi ukaanza kupandwa ili mji upate kuni. Kenya uliletwa mwaka 1902 ili upatikane wa kuchoma katika injini za reli iliyokuja hadi huku Uganda. Na kule kwetu Kivu ya Kaskazini, tangu mwaka 2007 wakulima wamepandishwa miti hii kwa maelfu ya hekta, ili watu wa Goma wapate makala pasipo kuimaliza misitu ya Virunga.

Kwa hiyo mti huu umekuja kama sisi tulivyokuja. Haukuzaliwa hapa. Ulipofika uliwekwa kazini, nao ukafanya kazi. Wazee wanasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hakuna aibu kwa mgeni kushika jembe. Aibu ni kukaa miaka 10 ukiwa bado unahesabu siku ya kwanza.

Lakini tuseme ukweli wote. Mgeni huyu ana tabia ambazo zinaweza kumwudhi mwenyeji, na tutazieleza hapa chini. Nasi tujichunguze kama hatuna zetu.

MBEGU NA MAKAPI

Tulipofungua pakiti ya mbegu, akina mama walicheka. Walisema tumeuziwa ugoro. Kweli, mbegu ya mkaratusi ni ndogo kuliko chembe ya ulezi. Katika gramu moja, ambayo ni kidogo tu kwenye ncha ya kijiko, mnaweza kuwamo mbegu hai mia kadhaa. Na ndani yake kuna makapi mengi ya rangi ya kahawia yanayofanana sana na mbegu. Huwezi kukaa kuyachambua. Mtu akisema ngoja kwanza nitenganishe, mvua itafika na kupita. Unasia vyote pamoja, na siku chache baadaye ardhi yenyewe itaonyesha ipi ilikuwa mbegu.

Hapo tulikumbuka jinsi tunavyohukumiana makanisani. Huyu ni wa kweli, huyu amekuja kwa ajili ya msaada tu. Huyu ni wa kabila hili, hatadumu. Ndugu zangu, kitaluni tumejifunza kunyamaza. Tusie vyote, tungoje.

Kwa faida ya wale wanaotaka kufanya kitalu nyumbani, tunaeleza tulivyofanya:

Tulitengeneza tuta dogo la udongo mwepesi uliochekechwa na kuchanganywa na mchanga. Tulichanganya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane mahali pamoja, tukazitawanya juu, kisha tukazifunika kwa mchanga mwembamba sana, kiasi cha kuzificha tu. Mbegu ndogo hivi ukiizika chini kama mahindi haitatoka. Tukaweka kichanja cha nyasi juu ili jua lisiichome. Maji hayamwagwi kwa ndoo, kwa maana yatachukua mbegu zote; tulichovya tawi la majani katika karai, tukanyunyiza kama umande. Baada ya wiki moja hadi mbili, vijani viwili viwili vilitokea, vidogo kama masikio ya panya.

Tulimshukuru Mungu. Kisha tukaharibu.

TULIUA KWA MAPENZI

Tunaungama hapa mbele yenu kwamba kitalu chetu cha kwanza kilikufa karibu chote, na kosa lilikuwa letu. Kwa furaha tulinyunyiza maji asubuhi, adhuhuri na jioni. Kila aliyepita alitaka kubarikiwa, naye akachota akaongeza. Tena tulikuwa tumesia mbegu nyingi zikabanana, hata hewa haikupita. Baada ya siku chache miche ikaanza kulala chini mmoja mmoja. Ukiuinua unakuta shina limeoza pale linapogusana na udongo. Huo ni ugonjwa wa kitaluni unaoletwa na ukungu, na ukungu hupenda unyevu, kivuli kizito na msongamano.

Mama mmoja wa kwaya alilia kweli. Akasema, "Hata hivi vidogo vinakufa mikononi mwetu." Tulimwelewa. Hakuwa analilia mikaratusi tu. Wako watu kati yetu waliozika watoto njiani, na kila kidogo kinachokufa kinafungua kaburi lile upya. Hatukumwambia anyamaze. Tulikaa naye pale kando ya tuta hadi jua lilipoelekea kuzama.

Wiki iliyofuata ni yeye aliyekuja na jembe kubadilisha udongo. Tulisia mara ya pili, mbegu chache zaidi. Tukamwagilia mara moja asubuhi, na ya pili tu kama udongo umekauka. Tulifungua kichanja kidogo hewa ipite. Miche ikasimama.

Ilipokuwa na jozi mbili za majani, tuliihamisha katika viriba, vile vimifuko vyeusi vya plastiki, na vilipokwisha tulishona vya maganda ya mgomba. Mche mdogo unashikwa kwa jani, haushikwi kwa shina, maana jani likichanika litaota jingine, bali shina likibonyezwa mche umekwisha. Na mzizi usikunjwe shimoni. Mzizi uliokunjwa siku ya kwanza utakunjika hadi uzeeni, na mti utaanguka kwa upepo ukiwa tayari mkubwa. Wazazi, hapo mnaelewa bila sisi kuongeza neno.

Wiki chache kabla ya kupanda, tulipunguza kivuli, tukapunguza na maji, kidogo kidogo, ili miche izoee jua. Miche ikifika sentimita 20 hadi 30 inakuwa tayari kwenda shambani. Kwa hiyo anayetaka kupanda katika mvua za mwezi wa 9 asie mbegu mwezi wa 5.

Hapa tunataka kusema jambo kwa uangalifu. Wahubiri wengine wametuambia kwamba vita ilikuwa njia ya Mungu ya kutukomaza, kama miche inavyozoezwa jua. Hatukubali. Mwenye kitalu hupunguza maji kidogo kidogo akiwa amesimama pale pale, na akiona mche unanyauka anaurudisha kivulini. Waliochoma nyumba zetu hawakufanya hivyo. Vita haikuwa mwenye kitalu. Tusimpe Mungu kazi ya waovu.

MBEGU JUU YA MAJIVU

Lakini yapo mambo Mungu anayoyafanya baada ya moto, nayo tunayaona katika ndugu mkubwa wa mti wetu.

Kusini mwa Australia, katika milima ya jimbo la Victoria na katika kisiwa cha Tasmania, kuna mkaratusi unaoitwa Eucalyptus regnans. Ni mmojawapo wa miti mirefu kuliko yote duniani inayotoa maua. Upo mmoja Tasmania, uliogunduliwa mwaka 2008, wenye urefu wa mita 100 hivi. Mikaratusi mingi ikiungua huchipua tena kutoka shinani. Huu hauna desturi hiyo. Moto mkali ukiupata unakufa.

Je, msitu unakwisha? Haukwishi. Mti ule hutunza mbegu zake juu kileleni, ndani ya vikombe vidogo vya mbao vilivyofungwa. Moto unapita, majani yanaungua, mti unakufa umesimama. Lakini vikombe vinakauka, vinafunguka, na mbegu zinaanguka juu ya majivu. Hapo ndipo zinapotaka. Chini ya kivuli cha msitu mzee zisingeota zikaishi, kwa sababu ya giza na magugu. Sasa kuna mwanga, na udongo uko wazi. Tarehe 13 Januari 1939 moto mkubwa sana ulipita Victoria, watu 71 wakafa, na misitu mingi ya mti huo ikateketea. Sehemu kubwa ya misitu iliyosimama baadaye ilitokana na mbegu zilizoanguka mwaka ule. Tarehe 7 Februari 2009 moto ulirudi, ukaua watu 173, na tena mahali pengi miche ikaota katika majivu.

Bwana Yesu alisema habari ya chembe ya ngano ianguke katika nchi, Yohana 12:24. Sisi tumeona nyumba zetu zikiwa majivu. Hatusemi majivu ni mazuri. Tunasema kwamba Mungu hajashindwa kuotesha juu yake.

Ila lipo onyo pia. Mti ule unahitaji miaka kama 20 hivi kabla haujawa na mbegu za kutosha. Moto ukirudi mapema, miti michanga inaungua ikiwa haijazaa, na pale msitu unatoweka. Hakuna kitu kileleni cha kuanguka. Kwa hiyo, wapendwa, watoto wetu wanahitaji miaka ya utulivu. Tukiwalisha chuki yetu kila jioni kando ya moto wa kupikia, tukiwatajia makabila ya waliotuumiza kabla hawajajua hata kusoma, tutakuwa tumewawashia moto wa pili wakiwa wachanga. Waacheni wasome. Waacheni wazae mbegu kwanza.

HAKUNA MTI BILA KISIMA

Sasa turudi kwa tabia za mgeni huyu. Mkaratusi unakua upesi, na kinachokua upesi kinakunywa sana. Ukiupanda karibu na chemchemi au katika bonde la maji, maji yatapungua. Ukiupanda mpakani mwa shamba la maharage la jirani, maharage yatadhoofika. Mti uleule unaoleta kuni unaweza kuleta ugomvi.

Nasi ugomvi tulikuwa nao tayari. Mnakumbuka jinsi mama zetu watatu walivyokwenda kutafuta kuni katika kichaka cha wenyeji, wakafukuzwa, wakanyang'anywa panga na mizigo. Vijana wetu walitaka kwenda usiku kulipiza. Wazee waliwazuia, na kesho yake tukaenda wachache kwa mwenyekiti wa LC1. Tuliongea kwa heshima, lakini tulisema lililotuuma, kama Ibrahimu. Mwenyekiti alisikiliza, kisha akasema, "Mbona hamkuja kutuambia tangu zamani kwamba kuni zimewaishia? Sisi tuliona tu miti yetu inakatwa." Tuliangaliana. Ni Abimeleki yule yule wa mstari wa 26! Siku zote tulidhani wanajua shida yetu na hawajali. Kumbe hatukuwahi kwenda kuwaeleza.

Hatukuwa na wana-kondoo saba. Tulipeleka majogoo mawili. Tukazungumza nusu siku, na mwisho tukapatana. Wenyeji walituonyesha kilima cha mawe kisicholimwa na mtu. Tutapanda pale. Matawi ya kuni ni yetu sote. Nguzo zitakapokomaa zitagawanywa nusu kwa nusu. Bibi mmoja mwenyeji, aliyekuwa amekaa kimya kwenye mkeka, akaongeza sharti moja: kalitunsi isikaribie chemchemi, kwa sababu inakunywa. Tukakubali mbele ya wote. Kando ya chemchemi tutapanda mitini ya asili ambayo wao wanaiita mutuba, nao wenyewe watatupa vipande vya kupandikiza. Iliandikwa, wakaweka sahihi, na wasiojua kuandika wakaweka kidole gumba.

Wapendwa, mpangilio wa Neno la Mungu si bure. Kisima kwanza, agano, kisha mti, kisha ibada. Yeyote anayetaka kupanda mti na amekosana na jirani kwa ajili ya maji, aache mche wake kivulini, aende kwanza kupatana. Na kupitia nabii Yeremia, sura ya 29 mstari wa 5 hadi wa 7, Mungu aliwaagiza watu wake waliokuwa uhamishoni Babeli wajenge, wapande bustani, na wautakie amani mji ule na kuuombea. Amani ya wenyeji ndani yake mna amani yetu.

KISIKI

Miche ilipandwa kilimani mwanzo wa mvua, umbali wa mita 3 toka mche hadi mche. Tunawakumbusha zamu za kupalilia, maana mkaratusi mchanga hauwezi kushindana na majani. Mwaka wa kwanza ukiachwa ndani ya nyasi unadumaa. Angalieni pia mchwa. Kila asubuhi mtu apite, na palipokufa pajazwe mvua zijazo.

Mungu akipenda, baada ya miaka mitano au sita tutakata nguzo za kwanza. Na hapo aina yetu hii ina zawadi ambayo ndugu yake wa Tasmania hana. Ukiukata vizuri, karibu na ardhi, kisiki kinachipua. Unaacha machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, mengine unayaondoa, nao unakuwa mti tena pasipo kusia mbegu. Ayubu aliyajua hayo. Katika sura ya 14 mstari wa 7 hadi wa 9 anasema habari ya mti uliokatwa, kwamba upo tumaini kwake, kwa kuwa utachipuka tena, hata kama mzizi umezeeka ardhini, ukisikia tu harufu ya maji. Ayubu alisema hayo akiwa amekaa katika majivu, akijiuliza kama mwanadamu naye ana tumaini la namna hiyo. Sisi tunalijua jibu alilokuwa akilitafuta. Yesu Kristo amefufuka!

MZIGO KARIBU NA MLANGO

Basi tumjibu mzee wetu.

Baba, hatukuambii ufungue mzigo wako. Uache pale mlangoni. Ibrahimu naye alibaki mkaaji wa hemani, na Waebrania 11 inasema kwamba alikuwa anautazamia mji ambao Mungu mwenyewe ndiye mjenzi wake. Hakuusahau hata siku moja. Lakini mtu anaweza kuwa na mzigo mlangoni na mche mkononi.

Umeuliza, anayepanda mti anasema nini? Anasema hivi: Mungu ninayemwita hapa ni Mungu wa milele, si Mungu wa miezi mitatu tu. Kama tutakuwapo bado baada ya miaka sita, wajukuu wako hawatapigwa kwa ajili ya kuni. Na kama Mungu atatufungulia njia tukarudi kwetu kabla nguzo hazijakomaa, tutashukuru kwa kucheza, na kilima kitabaki na hawa waliotupokea. Watoto wao watakaa kivulini na kuuliza, nani alipanda? Wataambiwa, ni wakimbizi. Hiyo nayo ni shukrani.

Isaka, mwana wa Ibrahimu, alifika Beer-sheba miaka mingi baadaye. Tunasoma katika Mwanzo 26 kwamba Bwana alimtokea pale usiku, naye akajenga madhabahu, na watumishi wake wakachimba kisima. Baba alikuwa ameliitia mahali pale jina la Bwana. Mwana akamkuta Bwana hapo.

Siku ya kupanda, mzee huyu alikuja. Hakusema kitu juu ya swali lake. Aliomba mche mmoja, akachimba shimo mwenyewe, akapima kwa mkono mzizi usikunjike, akakanyaga udongo taratibu. Kisha akatuuliza, "Mtaandika jina la mwenye mti?" Tukamwambia hapana, ni wa wote. Akasema, "Vizuri. Basi nipeni na mwingine."

Maswali ya kujadili katika jumuiya zenu:

1. Je, kuna jambo linalowauma kuhusu majirani ambalo hamjawahi kuwaambia kwa heshima?
2. Nyumbani kwako, watoto wanasikia nini jioni? Mbegu au moto?
3. Ni kitu gani umekiacha bila kukifanya kwa sababu unasema, "kesho tunarudi"?

Tuombe: Ee Bwana, Mungu wa milele, wewe ulikaa na Ibrahimu katika hema ugenini, kaa nasi. Uwakumbuke waliobaki nyumbani na waliofia njiani. Uwabariki wenyeji waliotupa kilima na maji. Utupatanishe nao kila siku. Ilinde miche dhidi ya mchwa na jua kali, nao watoto wetu dhidi ya moto wa pili. Na siku utakayosema "rudini", utukute tukiwa kazini. Katika jina la Yesu, Amina.